Chumvi ya Kumshusha Mtu

Swali la maana aliuliza mama mkwe wangu, naye aliliuliza akiwa amelala chali, macho yakiangalia mabati.

Redio ya mume wangu ilikuwa juu ya kabati, antena yake imeunganishwa na waya wa shaba uliopita dirishani, maana shaba ndicho kitu ambacho mji wetu wa Likasi haukuwahi kukosa. Ilikuwa mwanzo wa miaka ya tisini, na vitu vingine vyote vilikuwa vinakosekana. Mtangazaji, kwa Kifaransa chake cha mbali, alisema kwamba zile nchi mbili kubwa zilizokuwa zikitishiana kuchomana tangu nikiwa mtoto sasa zimepatana. Moja ilikuwa na nyumba inayoizunguka dunia huko juu angani, pamoja na chombo cha kupeleka watu. Nyingine ilikuwa na pesa. Basi mwenye pesa atalipa, mwenye chombo atabeba, na watu wao watakaa humo pamoja, wakifanya kazi moja.

Nikamtafsiria mama mkwe. Miguu yake ilikuwa imevimba tangu mvua za kwanza. Daktari alikuwa amesema moyo umechoka, jambo ambalo mama alikuwa ametuambia mapema, tena bure.

"Na kushuka?" akauliza.

"Kushuka namna gani, mama?"

"Bale bantu. Banabapandisha, nimesikia. Kisha nani anabashusha?"

Sikujua nani angewashusha watu wale. Mtangazaji alikuwa ameshahamia kwenye mpira. Nikamwambia bila shaka nauli ni ya kwenda na kurudi.

"Weye uulizie," akasema. "Kupandisha muntu haiko kazi."

Nilielewa vizuri alikuwa anamsema nani. Mwanawe wa pekee, mume wangu, alikuwa kwenye bwawa la umeme la mto Lufira, mbele ya Kapolowe, akiendesha mitambo, na zamu yake ya kurudi nyumbani ilikuwa imepita zamani. Sisi wake za watu wa bwawa tulikuwa na msemo wetu: mtu akienda zamu amepanda, akirudi ameshuka. Mume wangu alikuwa amepanda na hakuna aliyekuwa anamshusha. Mama alikuwa anataka kitu kimoja tu kabla moyo haujasimama, naye alikisema waziwazi kila asubuhi nilipomwosha: "Sitaki mutoto yangu anikute mu sanduku."

Zamani ilikuwa kazi rahisi mpaka hatukuiona kuwa ni kazi. Lori la kampuni lilitoka kila Ijumaa ya pili, limebeba wanaopanda na magunia yao ya unga, na jioni lilirudi na wanaoshuka. Tulikwenda kuwapokea na watoto tumewavisha viatu. Kule kwenye chumba cha mitambo walikuwa na desturi yao ya kupokezana. Anayeshuka na anayepanda walizunguka pamoja, mtambo kwa mtambo, na anayepanda aliweka kiganja juu ya kila mmoja apime joto lake na mtetemeko wake. Mwisho, mlangoni, anayeshuka alisema: "Njo yako," yaani sasa ni yako. Anayepanda alijibu: "Njo yangu." Bila jibu hilo mtu hakuvuka kizingiti, hata lori lipige honi mpaka betri iishe.

Desturi hiyo mume wangu alituletea mpaka nyumbani. Alinipa mtoto aliyekojoa, akasema "Njo yako," akasimama hapo ananitazama, mikono bado imemshika mtoto. Hakuachia mpaka nimejibu. Nilikuwa namwambia kwamba hapa ni nyumbani, si kwenye turbini, naye alikuwa anangoja tu.

Kisha mambo yakaharibika, na sitaki kusema kwamba yaliharibika yenyewe, kama maziwa. Lori lilikosa mafuta, hilo ni kweli. Wazungu wa ushirikiano, mafundi waliotumwa na nchi zao na kulipiwa ndege na nchi zao, waliitwa kwao wakaondoka kwa wiki chache, na wakaniachia shuleni ninakofundisha kabati la vyombo vya fizikia ambalo ufunguo wake sijauona mpaka leo. Hilo nalo ni kweli. Lakini jambo kubwa tulilifanya wenyewe. Mji wetu uliamua kwamba watu wa Kasai, waliozaliwa Likasi, waliobatizwa Likasi, ambao wazee wao wamezikwa Likasi, warudi kwao. Vijana walipita barabarani na filimbi. Nyumba zilipigwa mawe. Watu maelfu wakaenda kulala kwenye gare ya treni na kwenye uwanja ulio mbele yake, chini ya mahema na maplastiki, wakingoja treni za kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawajawahi kuiona.

Mwenyekiti wa barabara yetu, mzee mwenye sauti na baiskeli mpya, alipita nyumba kwa nyumba kutupongeza. Alisema kazi zote sasa ni zetu. Hakujua, au hakutaka kujua, kwamba karibu wote waliokuwa wakimpokea mume wangu kule bwawani walikuwa watu wa Kasai. Tulipiga filimbi, tukawafukuza, na siku ya zamu ilipofika hapakuwa na mtu wa kusema "Njo yangu." Mume wangu akabaki mlangoni pa mitambo, kwa sababu hakuna aliyemjibu. Angeondoka tu, Likasi ingekuwa giza, pampu za maji zingesimama, na hospitali pia. Basi hakuondoka.

Nilikwenda kwenye ofisi ya karakana ya malori ya kampuni mara nyingi. Mkuu wake alikuwa mtu mpole, na upole wake uliniudhi kuliko matusi.

"Mazout haiko, madame."

"Na hiyo mafuta ya lori itakuwa lini?"

"Ikikuya, tutakuambia."

"Na ikikuya, mutamupandisha nani? Muntu wa kumupokea iko wapi?"

Alinyanyua mikono, akaishusha. Nikatoka nje. Taa za barabara zilikuwa zinawaka saa nne za asubuhi, juani, kwa sababu aliyekuwa akizizima naye alikuwa kule gare. Nilisimama chini ya mojawapo nikalia kwa hasira. Umeme wa mume wangu ulikuwa unapotea bure hewani, na mimi kumpata sikuweza.

Darasani wanafunzi nao walikuwa wameisikia habari ya ile nyumba ya angani. Nilikuwa nafundisha bila vyombo, kwa chaki na maneno. Niliwaeleza kwamba kitu kile kinachoizunguka dunia hakikai tu huko juu. Kinaanguka kila wakati, ila kinakwenda mbele kwa kasi mpaka ardhi inakikwepa. Msichana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono.

"Njo shiye, madame. Tunaanguka na hatufike chini."

Darasa zima likacheka: ndio sisi kweli. Mwingine akauliza inakuwaje maadui walipane. Nikawakumbusha kwamba uadui wenyewe ulianza na udongo wetu, kwamba bomu la kwanza la atomiki lilitoka katika mawe ya Shinkolobwe, hapa hapa, mahali ambapo wajomba zao huenda kuchimba kwa kujificha. Walipenda sana kusikia hivyo. Wale wakubwa wametishana maisha yangu yote kwa mawe yetu, nikawaambia, na leo mmoja akikosa gari anamlipa mwenzake. Hakuna aliyempenda mwenzake. Walihesabu tu kwamba kubaki chini wote ni upumbavu. Nilijisikia nikiongea kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na wanafunzi wa mbele walianza kutazama madaftari yao.

Siku hiyo hiyo redio ikasimulia habari ya mtu mmoja wa nyumba ile ambaye alichelewa kushushwa. Nchi yake ilivunjika akiwa juu. Kiti cha mtu wa kumpokea kilipewa mgeni aliyelipiwa nauli, na yeye akaambiwa aendelee kukaa. Nikamsimulia mama mkwe, kisha nikajuta.

"Mwisho banamushusha?" akauliza.

"Banamushusha, mama."

"Aksanti Mungu. Na mama yake alikuwa bado muzima?"

Hilo redio haikusema.

Ndipo nilipoamua kufanya kama wale wakubwa. Chombo cha kampuni hakipo, basi nitalipa chombo cha mwingine. Kulikuwa na mama mmoja wa Kapolowe, mchuuzi wa samaki, mwenye lori la zamani lililokwenda mpaka ziwa la bwawa na kurudi Likasi na samaki wakavu. Alikuwa wa kanisa la maombi, na kila sentensi yake ilianza na Yesu na kumalizika na bei. Nilimkuta sokoni amekaa juu ya mfuko wa samaki.

"Kwa jina la Yesu, mama mwalimu, franga za Zaire usinionyeshe," akasema. "Zile tunawashia moto. Iko na chumvi?"

Chumvi ndiyo iliyokuwa pesa yake. Bila chumvi samaki wanaoza njiani. Alitaka gunia kwa kila kiti: gunia la kumpandisha mtu na gunia la kumshusha mwingine. Nilimwambia ni wizi. Akasema Bwana asifiwe, na kwamba lori haliendeshwi kwa maombi peke yake.

Mwaka ule wazazi ndio waliokuwa wakitulipa walimu, kila mmoja na alichonacho. Nikawatangazia wanafunzi kwamba kwangu mimi wasilete pesa, walete chumvi. Walileta katika vikombe, katika vikaratasi, katika soksi. Wake wengine wa watu wa bwawa, ambao waume zao wangeweza kukwama vile vile, wakaongeza ya kwao. Nyumbani tulianza kula sombe ya majani ya muhogo isiyo na chumvi, na bukari, ugali wetu, na samaki wasio na ladha yoyote. Watoto walinung'unika. Mama mkwe hakunung'unika. Alisema daktari alikuwa amemkataza chumvi tangu zamani, kwa hiyo sisi ndio tulikuwa tumechelewa kuiacha.

Kiti kikapatikana. Kumtafuta mtu wa kukikalia ndiko kulikonipeleka gare.

Nilikuwa namjua tangu siku nilipoolewa. Alikuwa mpokezi wa mume wangu, mtu mrefu, mwenye kucheka kidogo. Alipokuwa kijana alilala kwetu wiki nzima na malaria, na mama mkwe ndiye aliyemnywesha uji. Nilimkuta mbele ya hema lake la plastiki la bluu, mkewe anapepeta mchele wenye mawe, watoto wamelala juu ya magodoro yaliyokunjwa. Mkewe aliniangalia kuanzia kichwani mpaka viatuni. Sikupewa kiti, na sikustahili kupewa.

Nilisema haraka nilichokuja kusema. Mama anakwisha. Anamtaka mwanawe. Hakuna mtu mwingine wa kumpokea, nimetafuta kila mahali.

"Banatufukuza," mkewe akasema, bila kuacha kupepeta, "kisha banakuya kutuomba."

Ningesema si mimi niliyepiga filimbi, lakini siku ile filimbi zilipopita nilikuwa nimefunga dirisha.

Yule mwanaume alikuwa anachora mavumbini kwa kijiti. Kisha akaniuliza swali la mama mkwe:

"Nikipanda, nani atanishusha?"

"Bwana yangu."

"Na train ikikuya?"

"Atakuya mbele ya train kufika."

"Iko na gari gani?"

Nilitaka kusema lori la samaki, lakini nilijua lori lile leo lipo kesho halipo. "Hata kwa mukuu," nikasema. Hata kwa mguu. Nilikuwa nagawa ahadi ya mtu mwingine, ambaye hata hajaulizwa.

Alitupa kijiti. "Ule haiko bwana yako tu," akasema. "Ule ni ndugu yangu wa machine. Miaka yote ile hajanichelewesha." Mkewe akasimama, akaingia chini ya plastiki, na hakutoka tena mpaka nimeondoka.

Mama wa samaki alipoona nani anayepanda, akaongeza bei. Watu wa Kasai walikuwa wanashushwa kwenye vizuizi vya vijana njiani, na wengine hawakuonekana tena. Yesu mwenyewe, akasema, angeomba gunia lingine. Nikampa chumvi yote iliyobaki, pamoja na ya kesho. Niliwasindikiza kwa mguu mpaka kizuizi cha kutokea mjini, kwa sababu nilikuwa nimejiambia nikimpoteza mtu yule sitaweza kuingia darasani tena. Alikuwa amevaa ovaroli ya kazi na kofia ya njano, amekaa mbele na gunia la unga mapajani. Vijana walimtambua mara moja.

"Ule ni wa Kasai."

"Ule ni muntu wa courant," nikasema. "Mukimushusha hapa, leo magharibi muko mu giza. Na mpira mutasikiliza wapi?"

Walitazamana. Wakainua mti wa kizuizi. Mmoja akampigia hata saluti, akicheka. Walikuwa wanamhitaji na wanamfukuza, siku moja, vijana walewale, na hawakuona kasoro yoyote ndani yake.

Mume wangu alishuka na lori hilohilo lilipokuwa linarudi. Alinuka samaki mpaka paka wa jirani walimfuata hadi uani. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota ovyo. Aliingia moja kwa moja chumbani kwa mama yake, akapiga magoti kando ya kitanda, na mama akamshika masikio yote mawili, kama anavyoshikwa mtoto anayekaguliwa uchafu.

"Nani anabaki kule?" akamwuliza kabla hata ya salamu.

Mume wangu akamwambia.

"Ule mwenye malaria?"

"Ule."

"Muzuri," akasema mama, akafumba macho. "Lakini usichelewe kumushusha."

Siku zile zilizofuata zilikuwa nzuri, na ninazisema kwa sababu zilikuwa chache. Alimbeba mama yake asubuhi kumtoa juani. Alimsimulia maji ya Lufira yalivyojaa. Jioni ya kwanza aliweka tonge mdomoni, akaacha kutafuna.

"Bukari na samaki haina chumvi?"

"Chumvi umekuya nayo mu camion," nikamwambia. "Ulikuwa unaikalia."

Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa.

Kisha asubuhi moja mapema habari ikaja kwamba treni imeingia. Zilikuwa zinaingia bila ratiba na kuondoka bila ratiba; aliyekosa moja hakujua kama kuna nyingine. Pale gare watu walikuwa wameanza kukunja mahema. Nilikimbia sokoni. Lori la samaki lilikuwa limekwenda Lubumbashi na hakuna aliyejua litarudi lini. Nilikimbia karakana. Mkuu aliponiona tu, alinyanyua mikono.

Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa ameshaipindua baiskeli uani, anatia mafuta ya mawese kwenye mnyororo.

Nitasema ukweli, nilimpigia kelele. Nilimwambia asiende. Nilimwambia mama yake hatamaliza wiki, kwamba nimekula bukari bila chumvi ili amzike mama yake, kwamba mji mzima umewafukuza wale watu na hakuna hata mmoja anayekosa usingizi, kwa nini iwe sisi. Nilimwambia ahadi ile niliitoa mimi, si yeye, naweza kuivunja mwenyewe. Alikuwa ananisikiliza huku anazungusha pedali kwa mkono, aone kama mnyororo unakwenda.

Mama mkwe ndiye aliyenikatiza. Aliita kutoka ndani kwa sauti ambayo sikujua bado anayo.

"Mwache apande! Ule naye iko na mama yake, kule gare. Nilimuona. Muzee kama minye."

Mimi nilikuwa nimekwenda gare na sikumwona mama yeyote mzee kama yeye. Mama mkwe hakuwa ametoka kitandani kwa muda mrefu. Sikubishana. Mume wangu aliingia, akakaa naye peke yao kidogo, akatoka, akafunga suruali kwa kamba ili isishikwe na mnyororo, akaondoka kabla jua halijawa kali. Ni njia ndefu kwa baiskeli, na sehemu kubwa ni mchanga.

Kesho yake nilikaa gare mchana kutwa na mke wa yule mpokezi. Mizigo yao ilikuwa tayari, na watu walikuwa wamepanda mpaka juu ya mabehewa. Chini ya plastiki, kwenye kivuli, alikuwa amekaa kikongwe mmoja, ambaye mara ya kwanza nilidhani ni rundo la nguo. Mkewe alinipa mtoto mdogo nimshike alipokuwa anafunga sufuria. Nilitazama injini kila dakika, nikingoja ipige honi. Haikupiga. Mwishowe mfanyakazi mmoja wa reli akapita, na nikamwuliza tunangoja nini.

"Mazout," akasema.

Basi mafuta yale niliyoyalaani kwa miezi, yaliyoninyima mume, ndiyo yaliyoizuia treni. Sikujua nicheke au nifanye nini.

Mpokezi alifika jua likiwa limeinama, mavumbi yamemgeuza mweupe, anaisukuma baiskeli ya mume wangu kupitia umati. Mkewe alimwona kwanza. Hakumkimbilia, alikaa chini palepale juu ya gunia. Yeye alikuja kwangu.

"Machine biko muzuri," akasema. "Bwana yako anakusalimia. Na mama?"

"Iko. Anakuulizia."

Akanisogezea usukani wa baiskeli. "Njo yako."

Niliushika. Lakini yeye hakuachia. Alisimama hapo, mikono yake karibu na yangu, ananitazama, huku watu nyuma yake wanapitisha watoto kwa madirisha na mkewe anamwita kwa jina. Ilinichukua muda kuelewa anangoja nini. Hasira ilinipanda, hasira kwa mji, kwa filimbi, kwa mkuu mpole wa karakana, kwa mume wangu aliyebaki peke yake mlangoni pa mitambo. Hakuna hata mmoja wa hao aliyekuwa pale kujibu. Nilikuwepo mimi.

"Njo yangu," nikasema.

Akaachia. Akamnyanyua mama yake mgongoni, akaenda kwenye treni.

Nilisukuma baiskeli mpaka nyumbani, kwa sababu kuendesha sikujua. Mama mkwe alikuwa macho.

"Banamushusha?"

"Banamushusha, mama."

Aligeukia ukutani, akalala vizuri. Alikufa wiki hiyohiyo, baada ya treni kuondoka, mchana, mimi nikiwa nimemshika mkono, na mwanawe kule juu. Habari ilimfikia kwa mama wa samaki, aliyeipeleka bila kuomba chochote, na ambaye naambiwa alilia njia nzima.

Kwenye kilio barabara nzima ilikuja. Walikula nilichokuwa nacho. Mwenyekiti alikaa kwenye kiti cha mbele, baiskeli yake mpya imeegeshwa ambapo kila mtu angeiona. Alionja samaki, akatafuta chumvi kwa macho, hakuipata, akakumbuka adabu yake. Akaangalia huku na huku.

"Mama mwalimu, mutoto yake iko wapi? Mama anazikwa bila mutoto yake?"

"Iko ku barrage, ku machine yake, papa."

"Si mumuite ashuke?"

"Nani atamupokea?" nikamwuliza. Watu waliacha kutafuna.

"Haiko na bale wenzake benye kumupokea?"

Nikamwambia aende kuwaulizia kule gare. Gare ilikuwa tupu.